Picha ya Tisa

Abti,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, na wewe hali yako sina wa kumuuliza. Basi nianze na ya huku. Tuko wazima. Habaryar, mkeo, amemaliza eda yako, amevua nguo nyeupe, ameanza tena kugombana na mwenye maji. Paka wako ni mzima. Mimi naandika nimekaa chini nyuma ya mlango, adhuhuri imeshaswaliwa, na kila gari la askari likipita naisukuma karatasi chini ya mkeka mpaka mlio uishe. Ukiona mwandiko umepinda, sababu ndiyo hiyo.

Kaburini kwako sijafika. Makaburi yako nje ya mpaka tuliowekewa, na hata wanaume waliokuzika walipewa saa moja, wakarudi mbiombio. Ndiyo maana nakuandikia. Tena kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kisomali ningeishia kulia tu, na kwa sababu herufi hizi ni zako, ulinifunza kwa kuniandikisha majina ya watu nyuma ya picha zao. Nikiandika "picha" nakusikia ukinicheka. "Sema picha, Sahra. Si bicha." Nimekaa kwenu miaka minne tangu niachike kule Modogashe nikaja kwa Habaryar, dada mdogo wa mama yangu, nikamkuta ameolewa na mtu wa Lamu mwenye kamera. Sikujua nikuite nani. Ukasema, "Niite abti, mjomba. Hicho cheo kizuri, hakina kazi." Kumbe kilikuwa na kazi.

Paka bado anaitwa Baka. Unakumbuka zamani mlimwita Disii, kama yule bwana mkubwa wa wilaya, kwa vile alikaa tu kwenye kiti cha studio akingoja kuletewa, na majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilipotangazwa hali ya hatari Habaryar akasema jina hilo litatupeleka ndani. Alisema ipo siku utamfokea "Disii, mwizi wewe, toka jikoni" na askari wamesimama dirishani. Tukabaki kumwita paka tu. Mimi nikisema baka, nanyi mkaniiga kunichokoza, mpaka likawa jina lake. Nyumba yetu ilikuwa bado inacheka wakati huo.

Abti, lile jambo wewe unalijua. Ni wewe peke yako uliyelijua. Lakini sijawahi kulisema kwako kwa mdomo wangu, ulikufa sijalisema, na leo nataka kulitoa lote bila kuruka.

Lilianza na wanawake. Amri ilipotoka kwamba anayesafiri awe na pasi yenye picha ya uso, walikuja mpaka mlangoni kwetu, wakasimama, wakarudi. Walikuheshimu, lakini hakuna aliyekuwa tayari kufungua garbasaar yake, ushungi wake, mbele ya mwanamume asiye wake, hata awe mzee, hata awe hafiz. Wazee wakaja, mkanywa chai, mkakubaliana kwamba Sahra ajifunze, yeye awapige wanawake wenzake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia jina langu likipangiwa kazi. Wakati ule mtu alikuwa anakamatwa kwa kubeba tochi. Mimi nibebe kamera.

Filamu ilikuwa inatoka Isiolo, kwa lori, kwa msafara, na kuna miezi lori halikufika. Hukuwa tayari kuiharibu kwa mikono yangu. Ukamweka Baka kwenye kigoda sebuleni, Habaryar amekaa mlangoni na mkeka wake anasuka, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mtu ukimwambia tulia, atatulia hata kama roho inamruka. Paka hadanganyi. Akiogopa anaondoka. Siku utakapompiga huyu humu ndani akakutazama bila kukimbia, siku hiyo nakupa wanawake."

Wiki tatu nilibonyeza kamera isiyokuwa na kitu ndani. Nilikasirika kimoyomoyo, sikufichi. Ulipotia mkanda uliniachia picha mbili za mwisho, nikampiga, ukasafisha, ukanionyesha. Ya kwanza nilimfuata kwenye gunia lake kule pembeni, giza tupu, macho mawili na kitu kama tope. Ukauliza, "Paka yuko wapi?" Nikasema huyu hapa. Ukasema, "Mimi naona gunia." Ya pili nilimpiga nimesimama. Mgongo na masikio, basi. Hiyo hukuicheka. Ulisema, "Umemtazama kama askari anavyomtazama mtu aliyechuchumazwa." Habaryar akaacha kusuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nililala kifudifudi kwenye mkeka, kamera imekaa sakafuni, nikitazama kile kioo cha juu ya kamera ambamo kila kitu kimegeuka, paka akienda kulia yeye anaonekana kaenda kushoto. Ulinionyesha kwamba hatumfuati paka alipo, tunaweka kigoda penye mwanga kisha tunangoja paka aje. Hatua moja na nusu kutoka mlangoni, ubavuni kidogo, mwanga umguse shavu moja. Shavu la pili ulilipa mwanga kwa kanzu yako nyeupe uliyoitundika kwenye kiti upande wa giza, na nilipoona uso wa paka unafunguka kwa sababu ya kanzu, nilidhani unanifanyia mazingaombwe. Nisimwite jina. Nisimkodolee macho. Nikwaruze mkeka kwa ukucha nyuma ya kamera, mara moja tu, atainua masikio, ya pili hataki. Nitafute jicho, si pua. Pua ikiwa safi na jicho lina ukungu, tupa. Halafu mikono yangu hii inayotetemeka. "Bana viwiko mbavuni. Shusha pumzi yote. Ndipo ubonyeze." Ulikuwa unalisema kila siku, kwa sauti ile ile, hata mimi nilikuwa nalisema jikoni nikimimina maziwa.

Na flashi marufuku. Uliifunga kwenye kitambaa juu ya kabati, na balbu zake tatu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ulisema flashi ndani ya nyumba inatoboa macho ya mnyama, na akishachomwa mara moja haji tena kwenye kigoda. Siku nyingine ukanivuta kando Habaryar asisikie, ukaniambia siku hizi mwanga ukiruka dirishani hakuna atakayeuliza ni wa nini. Nilisikia, Abti. Sina kisingizio cha kutosikia.

Siku ile kulikuwa na wingu tangu asubuhi. Mvua ya deyr, ya vuli, ilikuwa inakaribia na mlangoni hakuna mwanga wa maana. Nilikuwa nimelala kifudifudi mara tatu, Baka amenipa kisogo mara tatu. Na asubuhi yake ulikuwa umesema: "Leo nionyeshe picha moja yenye macho, kesho nawaita wanawake." Ukaenda msikitini. Habaryar alikuwa uani anaanua nguo kabla ya mvua. Saa kumi na mbili kasorobo, kafyu inakaribia, barabara imeanza kunyamaza. Nikafikiri, Abti atafurahi. Walahi sikufikiri lingine. Nikapanda kiti, nikashusha kitambaa, nikatia balbu kama nilivyokuona ukifanya kwenye harusi. Dirisha la upande wa barabara lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi na mimi sikulitazama, nilimtazama paka.

Ukawaka mwanga ule. Baka akaruka akapita juu ya kichwa changu. Halafu mbio za viatu barabarani.

Wewe ulikuwa unaingia kwa mlango wa nyuma, ndala mkononi. Uliona flashi iko mezani, uliona uso wangu, na huku askari wanabomoa mlango wa mbele. Ukaninyooshea kidole kuelekea pazia. Nikaenda. Habaryar akaja mbio kutoka uani na nguo mikononi, akanikumbatia humo nyuma ya pazia, na sote wawili tukasikia wakiuliza ni nani anawapa ishara waasi wa ng'ambo ya mto. Ukasema, "Mimi, bwana. Ni picha tu. Ni paka." Mmoja akacheka kwa neno paka. Walikuchukua na flashi yako. Mdomo wangu ulikuwa huru, Abti. Hakuna aliyeushika. Niliuziba mwenyewe.

Siku nne. Uliporudi ulitembea mwenyewe kutoka barabarani, ukakaa kwenye kiti cha studio, ukasema huna maumivu. Sauti yako ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipokuletea chai ulisubiri Habaryar atoke, ukaniuliza kitu kimoja: "Ulizungusha mkanda?" Nikasema hapana. Ukasema, "Usisahau. Utapiga picha juu ya picha." Basi. Nilingoja uniulize lingine, unitukane hata, nipate ahueni. Hukuuliza, si siku ile wala siku zilizofuata, ukikohoa usiku na mchana, mpaka daktari akasema ni mapafu, mpaka Alhamisi ile. Wiki tatu nilikuwa na nafasi ya kukuomba radhi na nilikuletea chai tu.

Sasa nikwambie ya baada yako, ingawa hayatakufurahisha. Habaryar alilia siku saba. Ya nane akaanza kukasirika. "Miaka thelathini ya kazi," alikuwa akisema, "halafu anawasha flashi dirisha liko wazi. Alikuwa anafikiria nini mtu huyu?" Waliokuja matangani wakaitikia. Halimo, jirani yetu wa mbuzi, unamjua mdomo wake, huo ni redio. Alisema mzee alishaanza kusahau, hata msikitini alikuwa anasahau ndala. Soko zima likalichukua. Wewe uliyekuwa unahesabu pumzi kabla ya kubonyeza, Abti, umekuwa mzee mzembe aliyejiua kwa balbu. Nami nilikuwa napita na birika katikati yao nikiwajazia vikombe.

Niliogopa nini? Niliogopa Habaryar atanifukuza, na sina pa kwenda. Niliogopa askari wakijua uliwadanganya watarudi. Niliogopa kamera yenyewe, imekaa ndani ya boksi lake karibu na mtungi wa maji, pale ulipotufunza kuiweka isipate joto, na ndani yake mkanda ule ule, haujazungushwa. Nikipita pale kuchota maji nilikuwa nageuza uso. Wanawake walikuja kuuliza, nikasema kamera imeharibika. Wakabaki bila pasi. Halimo mwenyewe mbuzi wake wako upande wa Kotile na hajawaona tangu ufe.

Miezi minne na siku kumi zikaisha. Habaryar akasema anakwenda Lamu kwa dada yako Bi Zuhura, aliyekulea, kumpelekea kanzu zako na kumweleza ulivyokufa. Anahitaji pasi. Pasi inahitaji picha. "Hata ikiwa imeharibika itengeneze," akaniambia, "wewe ndiye uliyebaki." Na jioni nikamsikia anakunja kanzu zako na kupanga maneno yake taratibu, kama mtu anayejifunza sura ya Kurani: "Wifi yangu, ndugu yako alikuwa fundi, lakini siku ile alizembea."

Mpaka Lamu, Abti. Uongo wangu unapanda lori unakwenda mpaka kwa dada yako.

Siku ya pili yake nikaitoa kamera. Mkono ulikataa kuzungusha mkanda. Nilikaa nayo mapajani, nikakusikia ukiuliza lile swali, nikazungusha, na kile kidirisha cha nyuma kikaonyesha kumi. Maana yake ile ilikuwa ya tisa. Zimebaki tatu.

Nikaweka kigoda hatua moja na nusu kutoka mlangoni. Kanzu za kutundika zote zilikuwa zimefungwa kwenye furushi la Lamu, nikatundika shuka. Dirisha nililifunga, nikalijaribu, nikalijaribu tena. Habaryar akakaa, akafungua garbasaar akabaki na shaash, kitambaa cha kichwa tu, na nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Nilipokuwa nabonyeza lori likapita, akafumba macho. Ya kumi ikaenda. Ofisini wanairudisha picha ya macho yaliyofumba, na asiye na pasi haendi popote.

Nikapiga magoti, kamera tumboni. Sikumwambia tulia. Nilinyamaza, nikangoja, kama kwa paka. Baka, ambaye tangu siku ile ya flashi hakukanyaga karibu na kigoda, sijui ni nini kilichomwingia, akaja akanusa mguu wake, akapanda mapajani mwake. Habaryar akaanza kumpapasa. Mabega yakashuka. Kwenye kile kioo cha juu alikuwa mdogo, amegeuka, na hawezi kuyaona macho yangu kwa sababu nimeinama. Nadhani ndiyo maana niliweza. Nikasema nikitazama kioo: Habaryar, hakuwa yeye. Flashi niliiwasha mimi. Alikuwa msikitini. Alichukua lawama yangu, nami nikanyamaza.

Niliona kwenye kioo mkono wake unaacha kumpapasa Baka. Halafu akamshusha chini, taratibu, akasimama, akatoka ndani ya kioo.

Siku tatu hakunisemesha. Alipika, aliacha sahani yangu mlangoni, alifunga furushi na kulifungua. Nimeishi na woga wa askari muda mrefu, Abti, nimeuzoea kama njaa. Huu sikuuzoea. Nilikuwa nasikia ndala zake uani naacha kupumua. Nilitamani anipige. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka nikaziweka karibu na mlango ili akisema toka, asilazimike kusema mara mbili.

Siku ya tatu baada ya adhuhuri akaja amefunga shaash mpya. Akaona lile furushi langu, akalisogeza kwa mguu pembeni kama kitu kilichomzuia njia. Akakaa kwenye kigoda.

"Miezi minne nimemkasirikia maiti, Sahra," akasema. "Na wewe ulikuwa unanipikia chai."

Nikaenda kuchukua kamera karibu na mtungi.

Akanyoosha mgongo, akatazama kamera. "Piga."

Viwiko mbavuni, pumzi yote nje. Nikapiga. Nikazungusha. Akasema, "Imebaki moja, sivyo? Mpige na huyu, jinsi alivyokuwa anataka. Nitampelekea wifi." Akamwinua Baka mwenyewe akamweka kwenye kigoda, akashika shuka upande wa giza, mahali pako. Nikalala kifudifudi. Nilikwaruza mkeka mara moja.

Nilisafisha mkanda ndani ya stoo, blanketi mlangoni, kwa dawa zako ulizoacha, nikihesabu kwa sauti yako. Ulipokauka nikauinua kwenye mwanga, na nilijua ni wapi pa kutazama kwanza. Ya tisa. Macho ya Baka ni matundu mawili, hakuna paka ndani yake. Ukuta mweusi. Na pembeni, upande wa kushoto, dirisha, limeingia lote kwenye picha, wazi kabisa. Lilikuwemo ndani ya kioo changu muda wote ule. Nilichotakiwa kufanya ni kutazama. Hata si picha nzuri, Abti. Ungeitupa.

Ya kumi Habaryar amefumba. Ya kumi na moja anatazama. Nimeisafisha picha hiyo nikaishika mkononi mpaka ikapinda. Haogopi, wala hajanisamehe, au labda amenisamehe na bado ana hasira, mimi sijui kusoma uso kiasi hicho. Anamtazama aliyeshika kamera. Karani aliigonga muhuri bila neno. Kila kizuizi kutoka hapa mpaka pwani watafungua pasi waone macho hayo, wasijue yanamtazama nani.

Na ya kumi na mbili ni Baka. Mwanga shavu moja, shuka limejaza la pili, masikio juu. Ukitazama vizuri ndani ya jicho lake utauona mlango, na mtu mdogo amelala chini. Ndiye mimi. Nyuma yake nimeandika jina lake na lako. Imekwenda Lamu ndani ya kanzu zako.

Ameondoka leo asubuhi na lori la Kotile. Aliposhika kamba apande aligeuka akaniambia, "Huko nitasema mimi. Hapa utasema wewe." Hakunikumbatia. Lakini nyumba ameniachia, na funguo zake, na paka.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuahidi, na malaika walio nawe washuhudie. Kwenye kopo lako la filamu nimekuta mikanda miwili, kopo umelizungushia kitambaa kibichi lisipate joto, nacho kilishakauka zamani. Naomba Mungu iwe salama. Flashi haitaingia tena nyumba hii. Balbu mbili zilizobaki nimezifukia uani. Nimewaambia wanawake kamera imepona. Kesho wa kwanza ni Halimo, asubuhi, mwanga ukifika mlangoni. Nimemchagua yeye makusudi. Nikimwambia Halimo nimeliambia soko, na soko likijua, kituoni watajua, na wakijua wanaweza kuja kuniuliza kwa nini mzee alisema ni yeye. Nimeliwaza hilo mchana kutwa. Kuna gari limepita sasa hivi na nimeificha karatasi hii mara mbili kwa gari moja.

Barua hii nitaitia ndani ya boksi la kamera, chini, mahali unapopajua. Lala salama, Abti wangu, Mungu akupanulie kaburi, alitie mwanga ule uliokuwa unaupenda, wa ubavuni, usiochoma macho. Wewe hukuwa mzembe. Kesho Halimo akishakaa, kabla sijagusa kitufe, nitabana viwiko mbavuni kama ulivyonionyesha, nishushe pumzi yote, nimwambie.

Wako,
Sahra